Mkono Nilioutanguliza

Nywele ndizo zilizotangulia kuondoka. Asubuhi moja nilikuwa nikiosha mikono ziwani, nikaona mgongo wa mkono wangu wa kulia hauna hata unywele mmoja, na vidole vilevile. Wa kushoto ulikuwa nazo zote. Wa kulia ulikuwa laini kama mkono wa mtoto wa juzi, nami nikacheka, nikamwonyesha mke wangu kama mtu anayeonyesha kitu alichookota njiani. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile mwili hunisisimka. Naandika kisa hiki kwa ajili ya mtu yeyote atakayefanya kazi kwenye mashine ya kupiga picha za mifupa, na kwa ajili ya mke wake na mama yake, maana wao ndio watakaoona kabla yake.

Mimi ni mtu wa Talatala, jina langu Ambilikile. Shule ya misheni niliiacha kabla ya kumaliza kitabu cha pili. Akili sikukosa, nilikosa kutulia. Nikiona njia nataka kujua inaishia wapi. Nimebeba mizigo ya Wajerumani mpaka juu Ukinga, ambako baridi humtoa mtu machozi. Nimekata kuni za meli. Nimempikia mpima ardhi mmoja ili tu anifundishe kusoma ramani yake. Ikombe nilikwenda kwa mtumbwi nikitaka kuona jinsi wanawake wa Kikisi wanavyofinyanga chungu kikawa duara bila kifaa ila mikono. Nilikaa wiki mbili nikitazama mikono ya mmoja wao, na nilipoondoka niliondoka naye. Huyo ndiye Subilaga. Mama yangu hakupenda. Alisema watu wa samaki na udongo hawajui kupanda mgomba, na kwa miaka mingi alikuwa akimsalimu mke wangu akitazama pembeni.

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, daktari mmoja Mjerumani alikuwa na hospitali ndogo kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Matema. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa ana watu wake na wamelia vya kutosha. Meli ilimletea masanduku, nami nilikuwa mmoja wa waliolipwa kuyabeba. Langu lilikuwa jepesi kuliko ukubwa wake, na nilipolitua nikamwuliza ndani kuna nini. Wenzangu wakanikodolea macho. Lakini yeye alikuwa mtu aliyekaa siku nyingi bila wa kumwuliza kitu. Alichukua nyundo akalifungua palepale.

Ndani kulikuwa na chupa. Ilikuwa kama kibuyu cha kioo chembamba, imenyonywa hewa yote, na ndani mwake mna vipande vya chuma. Masanduku mengine yalikuwa na sahani kubwa za kioo zenye mpini wa kuzungushia. Watu wawili wakizungusha, sahani zinatoa cheche, cheche zinapita kwenye waya, chupa inawaka rangi ya majani machanga. Na kutoka katika chupa hiyo hutoka kitu ambacho jicho halikioni. Daktari alikiita mionzi. Inapita kwenye nyama kana kwamba nyama haipo, ikifika kwenye mfupa inazuiwa. Ukishika mbele yake kadi iliyopakwa unga fulani, kadi inang'aa gizani, na ukiweka mkono katikati unaiona mifupa yako.

Niliuona mkono wangu kama utakavyokuwa kaburini, nao ukichezesha vidole. Nikakaa sakafuni. Kisha nikainuka nikaomba nitazame tena. Siku hiyohiyo nikaajiriwa.

Kazi yangu ilikuwa kuzifanya sahani zikae kavu. Kwetu mvua haina huruma, na unyevu ukiingia kwenye kioo cheche hazitoki, kwa hiyo niliweka majiko ya mkaa ya udongo, aliyoyafinyanga Subilaga, pande zote mbili za mashine. Kazi ya pili ilikuwa kuipima chupa. Chupa ina tabia. Siku nyingine ni laini, mifupa inaonekana myeusi mno. Siku nyingine ni ngumu, mionzi inapita hata kwenye mfupa na huoni kitu. Ili ujue, unaweka mkono wako mbele yake na kutazama kwenye kadi. Daktari alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi.

"Mara moja tu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Na tumia kushoto. Kulia ni mkono wa kazi."

Hakujua kwamba ananipa onyo. Alidhani anazungumzia wepesi wa kufanya kazi.

Sasa nieleze jinsi nilivyojiua mkono kwa adabu. Kwetu, mwenye nyumba akitoa pombe, yeye ndiye anayekunywa kwanza. Akikupa kata bila kuonja, wageni wanatazamana. Mgonjwa wa kwanza kuletwa kwenye chumba kile alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyevunjika kifundo cha mkono. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, sahani zinavuma, cheche zinalia kama mafuta kikaangoni, hewa inanuka kama radi imepiga karibu. Alisimama mlangoni akakataa kuvuka kizingiti.

"Wewe umeonja?" akaniuliza.

"Nimeonja asubuhi, mama."

"Asubuhi sikuwepo."

Nikanyoosha mkono mbele ya chupa, nikauacha mpaka aridhike. Nilinyoosha wa kulia. Huwezi kumwonyesha mtu mzima mkono wa kushoto ukamwambia huu ndio ushahidi wangu. Yule mama akaja akakaa, na habari zikaenda kijijini kwamba kwenye chumba cha daktari kuna mtu anayeonja. Tangu siku hiyo hakuingia mgonjwa bila kunidai nionje. Wakija kumi naonja mara kumi. Wengine walikuwa hawana ugonjwa wowote, walitaka tu kuona mifupa ya mwenyeji. Daktari alikuwa chumba cha pili akisafisha picha, hakuona.

Halafu likaja jino la malafyale, chifu wetu wa upande wa bondeni. Taya lilikuwa limevimba mpaka jicho limefumba. Daktari alitaka picha ya mzizi wa jino. Unachukua kipande kidogo cha picha kilichofungwa kwa karatasi nyeusi na kitambaa cha nta, unakiingiza mdomoni ndani ya shavu, mtu anakishikilia kwa kidole. Malafyale hawezi kukaa na kidole mdomoni mbele ya watu wake. Kwa hiyo kidole kilikuwa changu. Chupa ilikuwa shubiri moja kutoka kwetu, na tulikaa hivyo muda wa kuimba wimbo mzima wa kanisani, beti zote. Katikati maumivu yakamshika akaniuma.

"Baba," mzee wake mmoja akamwambia kwa upole, "hicho si kiazi, ni kidole cha fundi."

Malafyale alicheka mpaka picha ikaharibika, tukarudia. Ilipotoka vizuri wakuu wengine nao wakakumbuka kwamba wana meno. Kidole changu cha shahada kilikaa katika vinywa vya watu wenye heshima kuliko kidole cha mtu yeyote wa Talatala, nami nilijivuna.

Nywele zilitoka kiangazi hicho. Kipupwe kilipokuja ngozi ilikuwa nyekundu, imekauka, inang'aa kama imepakwa mafuta, na ikikunjwa inapasuka kwenye viungo. Ilikuwa ikiwasha vibaya sana. Subilaga akaushika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Umeungua na nini?"

"Sijaungua."

"Mimi nachoma vyungu tangu nilipokuwa msichana. Ngozi iliyoungua naijua."

"Lengelenge liko wapi? Na moto ungekuwa moto, nisingeusikia?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," akasema. "Mimi sikuwepo."

Nikamwendea daktari. Aliutazama kwa kioo cha kukuzia, akanusa, akasema ni dawa za kusafishia picha, zinakula ngozi. Akanipa mafuta ya kondoo na glavu za mpira. Nikazivaa kila niliposafisha picha. Nilipokwenda kuonja nilizivua, nikatanguliza mkono mtupu. Tulifanya hivyo mwaka mzima, ndugu zangu. Mwaka mzima nilikuwa nikiukinga mkono wangu na maji na kuuingiza katika moto.

Kucha zilianza kuwa na mistari ya rangi ya kahawa, zikawa kama maganda ya muhogo. Ya kidole cha shahada ilidondoka tukiwa tunakula ndizi kwa mama yangu. Ilidondoka bila maumivu, ikabaki kwenye chakula. Mama aliiokota, akaitazama, akasukuma sahani.

"Haya ni mambo ya ziwani," akasema, bila kumtazama Subilaga.

"Mama, ziwani watu wana kucha," Subilaga akamjibu.

Wiki iliyofuata nikaona nimewekewa bakuli langu peke yangu. Mama aliogopa ni ukoma. Kula peke yako katika nyumba ya mama yako kuna uchungu kuliko kidonda.

Kidonda chenyewe kilikuja na masika. Kilianza kama ufa kwenye kiungo cha kidole cha shahada, kikafunguka, kikakataa kufunga. Maumivu yake hayakuwa ya jeraha. Yalikuwa kana kwamba mtu anakwangua mfupa kwa kisu butu, polepole, hana haraka. Nilikaa nimeuning'iniza mkono juu, nikiushusha unapiga kama ngoma. Kazi sikuiweza. Nikahamia upande wa pili wa mlango, kwenye benchi la wagonjwa chini ya upenu, nikijifunza kusubiri. Sikuwahi kujua urefu wa benchi lile. Maji yanatiririka kutoka kwenye nyasi za paa, unahesabu matone, mlango unafunguka, si wewe.

"Fundi wa mifupa," mzee mmoja mwenye donda la mguu akanitania, "na wewe umekuja tukupige picha?"

"Nimekuja kukaa nawe, baba."

"Basi kaa upande ule upepo unakokwenda. Chako kinanuka kuliko changu, na mimi ninacho tangu mwaka juzi."

Tukacheka. Kisha akanikatia nusu ya muwa wake na kuumenya, maana nisingeweza kuumenya kwa mkono mmoja. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonivusha. Daktari alinisafisha kila asubuhi kwa dawa, akakata ngozi iliyokufa, akafunga, na kila alipofungua siku ya pili kidonda kilikuwa kimepanuka kidogo. Swali lilikuwa moja tu, nalo sikulisema kwa mtu: je, mkono huu nitabaki nao?

Siku meli ilipoleta magazeti, ya miezi mingi nyuma kama kawaida, daktari alitoka chumbani mwake na gazeti mkononi akaja kukaa kwenye benchi. Wagonjwa wote wakasimama. Mzungu hakai kwenye benchi la wagonjwa. Akawaashiria wakae, hawakukaa, wakasogea mvuani.

"Hapa wameandika," akasema. "Mafundi wa mashine hii, Ulaya. Madaktari pia. Wamekatwa vidole. Wamekatwa mikono. Wengine wamekufa."

"Kwa dawa ya kusafishia, bwana?"

"Si dawa. Ni mionzi."

"Lakini haichomi," nikasema. "Mimi nimeweka mkono kila siku. Haichomi."

"Haichomi siku ile," akasema.

Halafu akavua glavu yake ya ngozi. Alikuwa akivaa glavu mkono mmoja miezi mingi, nami nilidhani ni mambo ya Kizungu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna unywele. Ngozi ilikuwa imekauka, ina vigamba vigumu kama vya kobe, na ukucha wa shahada haukuwepo. Niliuona mkono wangu mwenyewe, ule wa mwaka uliopita, umeota kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Mimi mara moja kila asubuhi," akasema. "Wewe mara ngapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya kuonja, na ya kidole changu vinywani mwa malafyale na wakuu wengine. Alisikiliza akinitazama usoni kama mtu anayetazama nyumba inayoungua.

"Na kwa nini kulia? Nilikwambia kushoto."

"Bwana, nani anampa mtu mzima mkono wa kushoto?"

Alikaa pale mvua ikinyesha mpaka gazeti likalowa mapajani mwake.

Vidole viwili vya kwanza, gumba na cha shahada, alivikata wakati wa kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi wa shamba linaloungua. Wanawake walikuwa ufukweni wakiwakamata kwa vikapu, nami niliingia mlangoni nikisikia wanavyoitana. Nilidhani nimemaliza. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, kiungo cha kidole cha kati kikafunguka, na mgongo wa mkono ukaota kinundu kigumu kama gome. Daktari akakikata kipande akakitazama kwenye mashine yake ya kukuzia vitu. Akaniambia ni saratani, na kwamba ugonjwa huo hutembea. Tukiwahi, tunakata juu ya kifundo. Tukichelewa utapanda mkono mpaka kwapani, na ukifika kwapani hakuna kisu.

"Nipe mpaka mavuno," nikamwambia. "Mpunga wangu nani atauvuna?"

"Mimi," Subilaga akasema nyuma yangu. "Kesho akate."

Hapakuwa na msaidizi, kwa hiyo aliyenilaza usingizi ni mke wangu. Daktari alimwonyesha jinsi ya kudondosha dawa kwenye kitambaa puani pangu, tone, hesabu, tone. Niliambiwa nihesabu, nilifika saba. Nilipoamka nilihisi vidole vyote vitano vikiuma, hata vile viwili vya mwanzo, nikashukuru kwamba hawajakata. Kisha nikatazama. Naomba nisieleze nilichohisi. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka hii yote bado nikiamka asubuhi kidole kile cha shahada huniwasha, na hakipo.

"Ulisema mengi usingizini," Subilaga aliniambia jioni akininywesha uji.

"Nilisema nini?"

"Ulimwomba malafyale asikuume."

Daktari alitaka kuuweka mkono kwenye chupa ya dawa na kuupeleka kwao, wenzake wauone na kujifunza. Nilikuwa tayari kukubali. Hata mimi ningependa kujua walichokiona. Lakini mama alikuwa amefika. Alitembea kutoka Talatala siku mbili kwa miguu iliyovimba, akasimama mbele ya daktari, kichwa chake kikifika kifuani mwa yule bwana.

"Nilimzaa mzima," akasema, nami nikatafsiri nikiwa kitandani. "Siwezi kuzikwa huku mkono wa mwanangu ukiwa juu ya meza ya mtu."

Daktari alikwenda mwenyewe akauleta, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mama na Subilaga wakaufunika kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu chenye kifuniko, wakaondoka pamoja. Huko nyumbani majirani walikusanyika, wakabaki wamesimama. Subilaga alinisimulia baadaye.

"Tunalia?" mmoja akauliza.

"Tunamlilia nani? Mwenyewe yuko hospitali anakula."

"Basi tunalilia mkono."

"Mkono nao unaliliwa?"

Mama hakuwasubiri wakubaliane. Alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, na mwanamke wa ziwani akamsaidia kuchimba, kisha wakaketi chini wakalia wawili. Waliporudi kunitazama walikuwa wakila bakuli moja. Nilisema "Ndaga, mama," ambayo kwetu ni asante na pole na salamu kwa pamoja. Akanijibu nisiongee sana, nitachosha kidonda.

Nilipopata nguvu daktari aliniita chumba cha mashine. Alikuwa amebadilisha kila kitu. Chupa ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa bati la risasi linalozuia mionzi, alilolibandua kwenye masanduku ya chai, na mionzi ilitoka kwenye tundu moja tu, dogo, lililoelekezwa kwa kiungo kinachopigwa picha na si kwingine. Wazungushaji walikuwa nyuma ya ukuta wa matofali. Mgonjwa hashikwi na mtu. Kiungo kinalazwa kati ya mifuko ya mchanga wa ufukweni ili kisitikisike, na mwenye jino anashika kipande cha picha kwa kidole chake mwenyewe, awe malafyale awe nani, kwa kuwa yeye atakishika mara moja tu maishani. Kuipima chupa walitumia mifupa ya mkono wa nyani aliyeuawa kwenye mahindi, imefungwa juu ya ubao. Ninyi mnaosoma, nataka mlikumbuke jambo hili kuliko mengine yote: usipime kwa nyama yako. Na ukiweza kurudi nyuma hatua moja, rudi tatu.

Mfanyakazi mpya aliitwa Mwakatobe, mtu mzima mpole wa Matema. Nilimkuta amesimama na bibi mmoja mwenye nyonga iliyovunjika, aliyelazwa kwenye machela, naye bibi anakataa.

"Nani ameonja?" bibi akauliza.

Nikamwona Mwakatobe anainua mkono wa kulia. Nilimrukia nikamvuta shati mpaka kifungo kikang'oka. Kisha nikamwinamia yule bibi, nikamfungulia kitambaa nilichofunga.

"Nimeonja mimi, bibi. Ni kali. Kwa hiyo wewe utaonja kidogo, mara moja, na sisi tutakaa nyuma ya ukuta."

Alikitazama kigutu muda mrefu. "Afadhali wewe unasema," akasema. "Haya, zungusheni."

Lakini yangu yalikuwa hayajaisha. Miezi michache baada ya kukatwa nilisikia uvimbe kwapani, upande wa kulia. Daktari akaubonyeza, akasema kuna aina mbili. Upo unaotokana na kidonda, huo hunywea. Upo mwingine. Akasema tusubiri masika yapite. Ndipo nilipojua kusubiri. Nilikuwa nikijipapasa mara ishirini kwa siku, na kila mara naona umekua, mpaka Subilaga akanishika mkono.

"Wewe vidole vyako vina hofu, vinakudanganya," akasema. "Acha mimi."

Mfinyanzi anajua kazi hii. Kabla hajaanza chungu hupitisha udongo wote kati ya vidole, maana punje moja ya mchanga ikibaki chungu kitapasuka motoni. Kila asubuhi niliinua mkono, akafumba macho, akapapasa. "Ipo. Ileile." Siku nyingi, ileile. Mvua zikanyesha, mito ikafurika, ikapungua. "Imelainika." Mpunga ukachanua. "Siioni vizuri." Halafu asubuhi moja akapapasa muda mrefu kuliko siku zote, akasema, "Hamna."

Nikakimbia kumwambia daktari. Alifurahi mpaka akanikumbatia. Kisha akafunga mlango, akaniomba jambo ambalo Mjerumani wa siku zile hakuliomba kwa mtu wetu. Alitaka mke wangu ampapase na yeye. Mkono wake wa kushoto alikuwa bado hajaukata. Kila nilipomwuliza alisema akimaliza wagonjwa wa mwezi huu, meli ijayo ikija, daktari mwingine wa kumkata akipatikana. Nilimletea Subilaga. Daktari alivua shati, akageuza uso ukutani kama mtoto anayechanjwa. Mke wangu akafumba macho. Sikuwahi kuona uso wake ukibadilika hivyo. Alipapasa, akarudi, akapapasa tena mahali palepale.

"Mwambie," akaniambia kwa Kikisi.

"Nimwambie nini?"

"Ziko tatu. Ngumu."

Sikuhitaji kutafsiri. Daktari alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote kwa mkono mmoja, akamshukuru. Meli iliyofuata ilimchukua kwenda kwao. Tulipata habari baadaye kwamba hakufika. Chumba kilifungwa, na vita vilipoanza mashine ilipakiwa ikapelekwa nisikokujua. Huenda ipo mahali sasa hivi, na mtu mwenye udadisi kama wangu amesimama mbele yake anashangaa, mkono mtupu, haichomi.

Nimejifunza kuandika kwa kushoto. Herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na upepo, mnisamehe. Subilaga hunipapasa kila mwezi unapoandama. Leo aliacha kazi yake, akaifuta mikono kwenye kanga, akafumba macho. Mikono yake ilikuwa ya baridi, bado ina udongo.

"Hamna," akasema, akarudi kwenye vyungu vyake.